Fundo Ambalo Sajenti Hakulifungua

"Hivyo vyombo vyenu vya vinasaba, mwanangu, vinaweza kusema nani hakuua?"

Aliyeniuliza ni Bi Mwanahamisi, muuza vitumbua wa mtaani kwetu Nguvumali. Nilikuwa likizoni, nimesimama mbele ya jiko lake na bakuli mkononi. Nilikuwa na shahada mbili na mdomo wa kubishana na yeyote. Nikamwambia vyombo vyetu vinasema nani alishika nini.

"Hilo sikukuuliza," akasema, akageuza kitumbua.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoingia kwenye maabara za uchunguzi na vyeti ambavyo wino wake haujakauka. Mimi nimestaafu kwa hiari, na wenzangu wanasema niliondoka kwa sababu sikubakisha mtu wa kubishana naye. Kila ninapokaa na vijana, lazima mmoja aulize: zile kesi za zamani, za mtu aliyeua mmoja baada ya mwingine hadi mji ukaingia hofu, je, leo zingetatuliwa kwa njia hizi mpya? Wengi wanataka niseme ndiyo. Mmoja aliwahi kunikasirikia nilipomjibu kwamba kabla ya kunionyesha mashine anionyeshe kabati.

Kabati namaanisha kabati la vielelezo. Mashine inapima kilichobaki, na kilichobaki ni habari ya watu waliokishika, waliokifunga, waliokisahau juani, na panya. Hayo hamtayakuta kwenye mtihani.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Hoza, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi aliyevaa koti jeupe hadi magotini. Wakati naanza kazi vinasaba tulivisoma vitabuni tu. Tulipima damu kwa makundi, na kwa makundi unaweza kushuku nusu ya mkoa. Wiki yangu ya kwanza likaletwa shati jeupe lenye madoa mekundu kifuani. Askari aliyelileta alikuwa na haraka, mshukiwa yuko ndani, mkuu wake anapiga simu. Nikalitandaza mezani nikaanza kueleza namna damu inavyoruka mtu anapochomwa kisu. Nilieleza vizuri, hata askari akawa anatikisa kichwa. Mzee Hoza akaja, akainama, akanusa.

"Binti, kwenu hakuna bibi?"

"Yupo."

"Hali tambuu?"

Ilikuwa tambuu. Mshukiwa alikuwa ametemewa mate ya tambuu kwenye ugomvi wa ngoma. Tangu siku hiyo nikaingia ubishi wa aina nyingine: nikawa nabishana na mimi mwenyewe kabla ya kubishana na wengine. Mzee Hoza alikuwa na swali moja alilouliza kwa kila kitu kilichopita mlangoni: "Kimepitia kwa nani?" Alipostaafu nililirithi swali hilo, na koti lake pia, ingawa lilinifika kiunoni.

Mashine zilipokuja tulidhani ubishi umekwisha. Haukupita muda tukapata alama za vinasaba za mwanaume mmoja kwenye vielelezo vya wizi wa Tanga mjini, kisha zile zile kwenye kisu kilichotoka Pangani, kisha kwenye mkoba kutoka Korogwe. Kijana mmoja wa maabara akaanza kumwita Mzimu wa Kaskazini. Kwenye kikao wakubwa walizungumza kwa sauti ya chini. Mimi nikauliza swali la Mzee Hoza, na tulipofuatilia tukamkuta huyo mzimu nje, anafuta kioo cha gari. Alikuwa dereva wetu, mtu mwema, aliyekuwa akikohoa juu ya bahasha za vielelezo njia nzima na kuzipanga upya kwa mikono yake kila gari lilipoingia shimoni. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mashine imemwona muuaji yule yule mahali pengi, mfurahie, kisha mkamtafute dereva.

Sasa turudi kwa Bi Mwanahamisi.

Alipokuwa msichana palikuwa na kipindi ambacho wazee wa upande wetu wanakiita wakati wa kamba. Katika misimu miwili ya mvua wanawake watano waliuawa kwenye njia za mashamba ya mkonge, mmoja mmoja, walipokuwa wakienda kuokota kuni au kurudi. Wa kwanza alikutwa karibu na Kigombe na wa mwisho mbali kabisa, Maramba. Wote walinyongwa kwa kamba ya katani, na kamba ikaachwa shingoni. Wanawake wakaacha kwenda kuni peke yao. Watu wakataka mtu, na mtu akapatikana: Mbwana, msokota kamba wa Kigombe, baba yake Bi Mwanahamisi. Kamba alizosokota ziliuzwa kila mnada, na shahidi mmoja alisema alimwona njiani. Akahukumiwa, akafia gerezani kabla rufaa haijasikilizwa. Baada ya kukamatwa kwake hakuuawa mwingine, na hilo ndilo lililowatosha wengi.

Mimi halikunitosha. Mauaji yanaweza kukoma kwa sababu muuaji amehama, ameugua, amefungwa kwa wizi wa kuku, au ameona mwingine anabebeshwa mzigo wake akaamua kutulia. Mwaka ule ule, wazee wenyewe wanasimulia, mashamba yalipunguza watu na vibarua wengi wakarudi makwao. Na tena, nani alisema muuaji ni mmoja? Kigombe na Maramba si jirani. Watu walisema ni mmoja kwa sababu ya fundo: walisikia kwamba kamba zote zimefungwa fundo la namna moja. Hakuna niliyemkuta aliyeyaona mafundo yote matano kwa macho yake.

Nilimuuliza Bi Mwanahamisi anataka nini hasa. Baba amekwisha kufa, gerezani hatatoka.

"Nataka asomwe," akasema.

Kwao Kigombe, kabla ya mwezi wa Ramadhani, ukoo hukusanyika kuwarehemu wafu. Baba yake mdogo, Mzee Shaame, ndiye anayewataja: fulani bin fulani, fulani binti fulani, na watu wanaitikia. Anawataja hata waliokufa wachanga, hata babu mmoja aliyekimbia na mke wa mtu. Akifika mahali pa kaka yake anaruka. Kila mwaka Bi Mwanahamisi alikaa upande wa wanawake, akasubiri, akasikia pengo. Kaka yake pekee alikwisha kuhamia Pangani na kuacha jina la baba, anajiita kwa jina la babu.

Nikamwambia mimi si mahakama wala siwezi kuchukua kamba nikaipima kama mtu anayepima unga. Akamtafuta wakili wa msaada wa sheria. Wakili akaandika maombi, akarudishwa, akaandika tena, na hatimaye tukaruhusiwa. Kwa kuwa mwanamke yule alikuwa jirani yangu, nilimwambia bosi, na vipimo vyenyewe vikafanywa na mwenzangu bila kujua ni kamba ya nani. Mkikutana na kesi ya mtu mnayekula vitumbua vyake, fanyeni hivyo hivyo. Moyo wa mtu hausafishwi kwa spiriti.

Kielelezo kikaja: mifuko mitano ya karatasi ndani ya boksi la sabuni. Tukaifungua. Kamba nne zilikuwa zimenyooka. Ya tano ilikuwa na fundo.

Niwaeleze kwa nini hilo lilinifanya nikae chini. Kamba ya katani ni kali. Anayeikaza kwa nguvu inamparua, inabaki na chembe za ngozi yake. Chembe za nje hupotea: jua, vumbi, mikono ya askari, karani wa mahakama, na unyevu huu wa pwani yetu unaoozesha hata pasipoti kabatini. Lakini pale kamba inapojikunja ndani ya fundo hapaguswi tena na mtu. Anayefunga fundo anajifungia mwenyewe ndani. Kwenye kesi za zamani, kama kuna mahali pa kutafuta, ni pale. Na hapa mafundo ya namna hiyo yalitakiwa kuwa matano, nilikuwa nalo moja.

Nikauliza kilipitia kwa nani. Nikaambiwa mtunza vielelezo wa zama hizo bado yu hai, Sajenti Omari, amestaafu, ana michungwa yake Muheza. Nikaenda.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa maabara unayeuliza uliza?"

"Ndiye mimi."

"Kaa, ule chungwa. Mtu wa maswali koo humkauka."

Alikuwa anamenya kwa kisu kidogo, ganda linatoka kipande kimoja kirefu. Nikamwambia kwamba kamba nne hazina fundo, je, zilipokelewa hivyo?

"Zilikuja na mafundo. Nilizifungua mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Amri ya nini? Kesi ilikwisha, mtu kafungwa, na huko huko kafa. Nani tena alikuwa na haja na mafundo?" Akanipa nusu ya chungwa. "Binti, wewe Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Maiti akishalazwa kaburini, ndani ya mwanandani, sanda yake inafanywaje?"

"Inafunguliwa vifundo."

"Haya. Wale wanawake walifunguliwa sanda zao kama inavyotakiwa. Lakini fundo lenyewe, lile lililowatoa roho, liko kabatini kwangu limekazwa vile vile. Asubuhi naingia naliona, jioni natoka naliona. Ungeweza wewe? Nilifungua moja moja kwa kucha, na kila moja nikalisomea Fatiha. Mpaka kidole hiki kikatoka damu."

"Na damu yako ikaingia kwenye kamba."

"Itakuwa iliingia," akasema, kama mtu anayeulizwa kuhusu mvua.

Nimesoma namna nyingi za kielelezo kuharibika: moto, mafuriko, mchwa, mkono uliolainishwa kwa rushwa. Sikuwahi kusoma juu ya mtunza vielelezo aliyewafungua wafu. Nilitaka kumkemea, na nilikuwa na sababu. Pamoja na chembe za ngozi, ilikwisha kupotea njia ya kujua kama mafundo yale yalikuwa ya namna moja kweli, na kwa hiyo kama muuaji alikuwa mmoja. Nilichoweza kuuliza ni:

"Na ile ya tano, afande? Ilikuwa ngumu?"

"Laini kuliko zote." Akaweka kisu. "Yule alikuwa binti wa kambini Maramba, wa vibarua. Mkristo, jina lake Veronika. Sikujua kwao wanafanyaje. Nikaona si adabu kumfanyia mtu wa watu ya kwetu. Nikasema wenyewe watakuja."

"Wakaja?"

"Nani angewaambia waje?"

Kwa hiyo, vijana, mkiniuliza kama njia za kisasa zinaweza kutatua kesi ya zamani, hiyo ndiyo hali halisi. Nusu ya jibu ilikuwa mikononi mwa mtu aliyekaa na funguo, na yeye hakuwa akiwafikiria ninyi. Alikuwa akiwafikiria wafu.

Kabla ya kufungua fundo la tano nilimweleza Bi Mwanahamisi jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Kama alama zingetoka za baba yake, zisingetosha kusema ameua, kwa sababu alikuwa msokota kamba na ngozi yake ilikuwa kwenye nusu ya kamba za wilaya. Zikitoka za mtu mwingine, hapo pana neno. Akaniambia nipunguze maneno nichukue mate yake. Nikamwambia mate yake hayatoshi. Mwanamke habebi zile alama zinazopita kwa wanaume tu, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Namtaka kaka yake wa Pangani, na namtaka Mzee Shaame.

Kaka alikuja mara moja, akafungua mdomo kama mtu aliyeusubiri ufunguliwe kwa miaka mingi. Mzee Shaame alitukalisha barazani kwake Kigombe.

"Wewe na marehemu Mbwana ni baba mmoja?" nikamuuliza.

"Baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja."

"Una hakika ya baba?"

Bi Mwanahamisi akanifinya. Mzee Shaame akanitazama, kisha akacheka hadi akakohoa. "Mwanahamisi, huyu umemtoa wapi? Mama yangu yuko pale makaburini, nenda kamuulize. Akikujibu uje uniambie, na mimi nina langu la kumuuliza."

Mate ya yule kaka na ya Mzee Shaame yakalingana, kwa hiyo mstari wa Mbwana tukawa nao bila wasiwasi. Fundo likafunguliwa kwenye meza safi, kwa vibanio, polepole, picha baada ya picha. Ndani yake mlikuwa na alama za mwanaume mmoja. Hazikuwa kamili, umri na joto vilikwisha kuzitafuna. Shikeni hili, lina faida kuliko mengine yote niliyoandika: alama pungufu hazitoshi kumtafuta mtu usiyemjua, lakini zinaweza kutosha kumtoa mtu unayemjua. Neno lenye nguvu kuliko yote kwenye mashine zile ni "siye". Magazeti hayalipendi.

Majibu tuliyatolea ofisini kwa wakili, ghorofani, Tanga mjini. Bi Mwanahamisi alivaa kanga mpya. Mzee Shaame alikaa karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti.

"Aliyeacha alama ndani ya fundo hili la Veronika," nikasema, "si Mbwana. Wala si mwanaume yeyote wa mstari wa baba yake."

"Kwa hiyo hakuua," akasema Bi Mwanahamisi.

"Kamba moja kati ya tano, bibi. Zile nne siwezi kuzisemea. Na aliyefunga fundo..."

"Huyu," Mzee Shaame akamwambia wakili, "ukimuuliza kama jua limetoka, atakwambia ameona mwanga."

Wakili akacheka. Mimi nikaendelea kueleza, maana ndiyo kazi, na kwa sababu nikianza siachi. Nikasema walimhukumu kwa zote tano kwa kuwa waliamini ni mtu mmoja. Kama ni mtu mmoja kweli, basi fundo hili linamtoa kwenye zote. Kama si mmoja, basi ile sababu ya kumhukumu kwa zote imeanguka. Kwa njia zote mbili hukumu ile haisimami ilivyosimama. Hilo naweza kuliapia. Zaidi ya hapo siapi.

Mzee Shaame hakunitazama tena. Alikuwa anapitisha kidole juu ya kichwa cha fimbo yake. "Nilimruka," akasema. "Kila mwaka namruka."

Bi Mwanahamisi akaniuliza, "Huyo mwenye alama, anaweza kuwa hai?"

"Anaweza. Angekuwa mzee."

"Na hamuwezi kumjua."

"Kwa hizi tulizonazo, hatuwezi."

Nilidhani atalia au atapiga kigelegele, nikawa nimejiandaa kwa yote mawili. Akafunga kanga yake vizuri, akaacha katikati soda aliyopewa, akasema ana safari, akashuka ngazi.

Mahakamani shauri halikufika mbali. Kumsafisha mtu aliyekwisha kufa ni kazi ndefu, na wakili alikuwa na walio hai foleni. Lakini mwaka ule Kigombe, kwenye kuwarehemu wafu, Mzee Shaame alianza na jina la kaka yake kabla ya baba yao, kinyume cha utaratibu, na wazee wakaitikia. Niliambiwa kwamba kaka wa Pangani alikuwepo. Bi Mwanahamisi alinisimulia kwa kifupi mno, mbele ya jiko, akiniwekea vitumbua vingi kuliko nilivyotaka. Nikamuuliza kama sasa nimejibu swali lake. Akasema, "Nusu. Nusu inatosha."

Nilikuwa na haraka ya kurudi kazini. Nilihesabu kesi ile kuwa imekwisha na nikaisimulia kwenye semina nyingi kama mfano wa faida ya fundo. Watu waliuliza kuhusu vibanio, kuhusu halijoto ya chumba, kuhusu hesabu za uwezekano. Mimi pia nilidhani hapo ndipo penye maswali.

Lililobaki nililijua baadaye sana, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilipokwenda Maramba kwenye harusi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alisikia jina langu, akaniuliza kama ndimi niliyefungua lile fundo. Alikuwa mdogo wake Veronika. Akaniambia kwamba siku ile Bi Mwanahamisi alipotoka kwa wakili hakwenda nyumbani wala Kigombe. Alipanda gari la Maramba, akauliza njia hadi kambini, na kabla hajawaambia hata wanawe, akamwambia mama yake Veronika kwamba aliyemuua binti yake si yule aliyefungwa, na hajulikani ni nani. Yule mama alimpa chai, wakanywa wote wawili. Tangu siku ya hukumu mama yule alikuwa akilala mlango umerudishwa tu bila kufungwa, maana aliamini muuaji yuko gerezani. Mgeni alipoondoka, alimtuma mtu dukani akamnunulie komeo.